Kichwa Kinapoumia, Mapafu Huugua

Barabara ya Morogoro, inapotoka Magomeni kuelekea katikati ya jiji la Dar es Salaam, huteremka katika bonde la Mto Msimbazi na kukatiza Jangwani kabla ya kupanda tena kuelekea Fire. Mkono wa kulia wa msafiri iko Kariakoo, soko kuu la jiji. Mkono wa kushoto, Upanga, ziko hospitali za Muhimbili. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Kikosi cha Wapagazi cha jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi hao waliondoka zamani, lakini kazi yao imebaki. Tangu alfajiri wachukuzi wenye magunia mabegani, mikokoteni, maguta, bajaji, pikipiki na malori hugombea njia ile ile, na waenda kwa miguu hupenya katikati yao.

Mahali kama hapo ajali haziko mbali. Mfano ufuatao haumhusu mtu mmoja maalumu. Umeundwa kutokana na mambo ambayo waganga wa majeruhi huyaona mara kwa mara. Kijana wa miaka 20 amepakiwa nyuma ya pikipiki bila kofia ngumu. Pikipiki inagongwa, naye anaangukia kichwa kwenye ukingo wa zege wa barabara. Kifua chake hakikuguswa: hakuna ubavu uliovunjika, wala hakuna mchubuko. Hata hivyo, anapofikishwa hospitalini anakoroma, na ulimi wake umepoteza wekundu. Siku ya pili mapafu yake yamejaa majimaji. Siku ya tano anashikwa na homa ya mapafu. Ndugu waliokaa nje ya wodi wanashangaa: aliyeumia ni kichwa, mbona madaktari wanahangaika na kifua?

Swali la ndugu hao ni swali zuri la sayansi. Jibu lake ni kwamba ubongo na mapafu, ijapokuwa vimetenganishwa na shingo nzima, hutegemeana kila dakika. Ubongo ukiumia vibaya huyaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika huurudia ubongo na kuuumiza mara ya pili. Mzunguko huo huwaua watu wengi ambao pigo la kwanza peke yake lisingaliwaua. Jambo la kutia moyo ni kwamba mzunguko huo unaweza kukatwa, na mahali pa kwanza pa kuukata ni pale pale barabarani.

Kituo cha pumzi

Moyo una kichochezi chake wenyewe. Hata ukitenganishwa na ubongo huweza kuendelea kudunda kwa muda. Mapafu hayana uwezo huo, kwa sababu hayana msuli wa kujipanua. Kazi ya kuyapanua hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo kati ya mbavu. Misuli hiyo nayo hungoja amri.

Amri hiyo hutoka katika shina la ubongo, sehemu ya chini inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, na hasa katika kipande chake cha chini kabisa kiitwacho medula. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza ubongo wa panya wachanga walitambua ndani ya medula kundi dogo la seli za neva linalotoa mdundo wa pumzi. Kutoka hapo amri huteremka katika uti wa mgongo, hutokea shingoni, na kufuata neva mbili hadi kwenye kiwambo. Kwa mtu mzima aliyetulia safari hiyo hurudiwa mara 12 hadi 20 kwa dakika, usiku na mchana, bila yeye mwenyewe kufikiri.

Shina la ubongo halitoi amri kwa kubahatisha. Huipima damu na kutambua kiasi cha hewa ya kabonidayoksaidi iliyomo. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa jaribio dogo. Wanafunzi wenye afya njema, wakiwa wameketi, wavute pumzi ya kawaida na kuizuia, huku mwenzao akihesabu sekunde. Wasihemehe kwa nguvu kabla ya kuanza. Baada ya muda mfupi kila mmoja ataiachia pumzi, atake asitake. Kinachomshinda hasa si ukosefu wa oksijeni, kwani oksijeni iliyomo mwilini mwake bado inatosha; ni kuongezeka kwa kabonidayoksaidi, ambako shina la ubongo hulitambua na kulijibu kwa amri isiyokataliwa.

Mbali na kuamuru pumzi, shina la ubongo hulinda mlango wa mapafu. Kooni njia ya chakula na njia ya hewa hukutana. Mtu anapomeza, mlango wa njia ya hewa hufungwa; chembe ya chakula au tone la maji likipotea njia, kikohozi hulitoa. Vitendo hivyo viwili, kumeza na kukohoa, vina vituo vyao katika shina la ubongo. Pigo kubwa la kichwa linapolitikisa shina hilo, mwendesha pumzi na mlinzi wa mlango huanguka kwa pamoja.

Dakika za kwanza

Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, madaktari wa Glasgow, Scotland, walitoa kipimo cha fahamu ambacho hutumika hadi leo duniani kote. Mgonjwa hupewa alama kwa jinsi anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Aliye timamu hupata alama 15, na asiyeitikia lolote hupata 3. Majeruhi wa kichwa aliyepata alama 8 au pungufu huhesabiwa kuwa na jeraha kali. Alama hizo hupima fahamu, lakini daktari huzisoma pia kama onyo juu ya pumzi: mtu wa alama 8 kwa kawaida hawezi kulinda njia yake ya hewa.

Hatari ya kwanza humpata mara tu anapoanguka. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, kituo cha pumzi huweza kunyamaza kwa sekunde kadhaa au hata dakika. Wengine huanza kupumua tena wenyewe. Wengine hufa hapo hapo, si kwa sababu ubongo umesagika, bali kwa sababu pumzi ilisimama na hapakuwa na mtu wa kuwasaidia.

Hatari ya pili ni ulimi. Kwa mtu aliyepoteza fahamu misuli ya taya na koo hulegea. Akilazwa chali, ulimi huteleza nyuma na kuziba koo. Mkoromo ambao watazamaji huudhani kuwa usingizi mzito ni sauti ya hewa inayojipenyeza katika njia iliyokaribia kufungwa.

Hatari ya tatu ni tumbo. Majeruhi wa kichwa hutapika mara nyingi. Matapishi, mate na damu ya puani hutiririka kuelekea mapafuni, na kikohozi cha kuyazuia hakipo. Mwaka 1946 daktari Mmarekani Curtis Mendelson alieleza jinsi maji ya tumboni yanavyoyadhuru mapafu. Asidi iliyo ndani yake huunguza vifuko vya hewa, yaani vile vijumba vidogo mno ambamo oksijeni huingia katika damu. Mapafu ya mtu mzima yana mamilioni ya mamia ya vifuko hivyo, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kuhimili asidi.

Dhoruba ya neva

Hata yule ambaye njia yake ya hewa imelindwa vema huweza kupatwa na jambo la ajabu zaidi. Wakati wa vita vya Vietnam madaktari wa Marekani waliwachunguza askari waliokufa kwa majeraha ya kichwa peke yake. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 1969 walieleza kwamba mapafu ya wengi wao yalikutwa yamevimba, yamejaa majimaji na damu, ingawa hakuna risasi wala kipande cha bomu kilichogusa kifua.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya. Damu ikivuja ndani ya fuvu au ubongo ukivimba, shinikizo ndani ya kichwa hupanda ghafla. Ubongo unaokabwa hutuma mwilini ishara za dharura kupitia neva zile zile zinazomwandaa mtu kupigana au kukimbia anapomwona simba. Tofauti ni kwamba safari hii ishara hutoka zote kwa mara moja na bila kipimo. Adrenalini na homoni zilizo jamaa yake hufurika katika damu. Mishipa midogo ya mwili mzima hujibana, na damu iliyokuwa mikononi, miguuni na tumboni husukumwa kuelekea kifuani. Moyo nao hulemewa.

Mishipa ya mapafu haikuumbwa kubeba shinikizo kubwa. Inapopokea mafuriko hayo, kuta za kapilari hupasuka au huachana, na majimaji yenye protini hupenya hadi ndani ya vifuko vya hewa. Hali hiyo huweza kuanza dakika chache au saa chache baada ya jeraha. Mgonjwa huhema kwa haraka, na mdomoni huweza kutokea povu lenye rangi ya damu. Shinikizo la damu huenda likarudi kuwa la kawaida baada ya muda mfupi, lakini kuta zilizopasuka haziungi mara moja. Dhoruba hupita; paa lililoezuliwa hubaki wazi.

Moto unaosambaa kwa damu

Jeraha lolote huita uvimbe. Mtu akijikata kidole, sehemu hiyo huwa nyekundu, hupata joto na kuvimba, kwa kuwa seli zilizoumia hutoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu zije kusafisha na kukarabati. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo. Katika hali ya kawaida kuna kizuizi imara kati ya ubongo na damu, kinachochuja kila kinachoingia na kutoka. Pigo kubwa hukitoboa kizuizi hicho, na kemikali za uvimbe zilizotengenezwa kichwani humwagika katika damu ya mwili mzima.

Damu yote inayorudi moyoni kutoka mwilini hupitia mapafuni kabla ya kusambazwa tena. Kwa hiyo mapafu ni kiungo cha kwanza kupokea ujumbe huo wa hatari. Chembe nyeupe hukusanyika katika kapilari zake zikiwa tayari kwa vita, ijapokuwa adui hayupo. Kwa siku kadhaa mapafu huwa kama nyasi kavu za kiangazi: bado hayajawaka, lakini cheche ndogo inatosha. Matapishi kidogo, bakteria wachache, damu aliyoongezwa mgonjwa, au hewa iliyosukumwa na mashine kwa nguvu kupita kiasi, huweza kuwasha moto wenyewe. Wataalamu wameueleza mwenendo huu kuwa ni wa mapigo mawili: la kwanza huyatayarisha mapafu, la pili huyaangusha.

Mapafu yakianguka kwa namna hiyo huwa magumu, mazito na yenye majimaji pande zote mbili, na oksijeni hushindwa kupenya hata mgonjwa akipewa kwa wingi. Hali hiyo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Miongoni mwa wenye majeraha makali ya kichwa wanaotibiwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, huwapata takriban mmoja kati ya watano.

Adui wa siku za baadaye

Mgonjwa aliyevuka siku mbili tatu za mwanzo hukabiliwa na adui mwingine, naye ni homa ya mapafu. Hakohoi, hageuki kitandani, wala hamezi. Mate yenye bakteria wa kinywani huteremka polepole mapafuni. Mrija uliotiwa katika bomba la hewa ili mashine impumulie humwokoa, lakini huwa pia daraja la kuvukia bakteria. Zaidi ya hayo, baada ya msisimko wa mwanzo kinga ya mwili hudhoofika kwa muda, kana kwamba imechoka. Ndiyo sababu homa ya mapafu ni miongoni mwa matatizo yanayotokea mara nyingi kabisa kwa wagonjwa hawa.

Kinga zake nyingi hazihitaji mitambo ya gharama. Kichwa cha kitanda huinuliwa kiasi cha nyuzi 30, ili maji ya tumboni yasipande na damu ishuke vizuri kutoka kichwani. Kinywa cha mgonjwa husafishwa kila siku. Mikono ya wauguzi huoshwa kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Makohozi hufyonzwa, mgonjwa hugeuzwa, na mrija huondolewa mapema iwezekanavyo. Kazi hizi hazionekani kuwa kubwa, lakini muuguzi anayezitimiza usiku wa manane huokoa ubongo kwa kuyalinda mapafu.

Mapafu yanapourudia ubongo

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia yapata asilimia 20 ya oksijeni ya mtu aliyetulia. Wala hauna ghala: ukikosa oksijeni kabisa, seli zake huanza kufa katika dakika chache. Seli iliyokufa katika ubongo haifufuki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pigo la kwanza huacha katikati seli zilizokufa, na pembeni seli nyingi zaidi zilizojeruhiwa ambazo zinaweza kupona. Hizo za pembeni ndizo zinazogombewa. Zikipata oksijeni na damu ya kutosha, huinuka. Zikikosa, huwafuata wenzao. Madaktari huita hasara hiyo jeraha la pili. Mwaka 1993 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa wagonjwa 717 wa Marekani waliokuwa na majeraha makali ya kichwa. Ilionekana kwamba kupungukiwa na oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu katika saa za mwanzo viliendana na matokeo mabaya. Shinikizo la damu lilipokuwa limeshuka, vifo viliongezeka takriban maradufu. Na waliopatwa na mambo yote mawili walikuwa katika hali mbaya zaidi.

Kabonidayoksaidi nayo ina njia yake ya kuudhuru ubongo. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka, nalo limejaa vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue, la sivyo shinikizo hupanda. Kanuni hii imejulikana tangu zama za Alexander Monro na George Kellie wa Scotland, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Sasa, mapafu yaliyojaa maji hushindwa kuitoa kabonidayoksaidi. Ikiongezeka katika damu, hutanua mishipa ya ubongo, damu zaidi huingia katika sanduku lililokwisha kujaa, shinikizo hupanda, shina la ubongo hukabwa, pumzi hudhoofika, na kabonidayoksaidi huongezeka tena. Harvey Cushing, daktari Mmarekani, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 dalili za hatua hiyo: shinikizo la damu hupanda, mapigo ya moyo huenda polepole, na pumzi hupoteza mpangilio. Muuguzi akiziona dalili hizo tatu kwa pamoja hujua kwamba muda uliobaki ni mfupi.

Mizani ya daktari

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa yake ni rahisi: mashine impumulie mgonjwa kwa kasi, ili kabonidayoksaidi itoke yote. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanywa, kwani mishipa hujibana na shinikizo la kichwani hushuka haraka. Lakini mishipa iliyojibana hupitisha damu kidogo, na seli zile za pembeni hukosa chakula. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa waliopumuliwa kwa kasi kwa siku kadhaa, bila sababu maalumu, hawakupona vizuri kama wenzao. Siku hizi njia hiyo hutumika kwa muda mfupi tu, mgonjwa anapokaribia kufa kwa shinikizo na ilhali matibabu mengine yanaandaliwa.

Upande wa pili wa mizani kuna mapafu. Mapafu magumu hutaka pumzi ndogo ndogo, kwani pumzi kubwa huyapasua. Lakini pumzi ndogo huacha kabonidayoksaidi nyuma, jambo ambalo ubongo haulipendi. Vivyo hivyo, shinikizo la hewa linalosaidia kufungua vifuko vilivyosinyaa likizidi huweza kuzuia damu isirudi vizuri kutoka kichwani. Kinachoponya mapafu huweza kuudhuru ubongo, na kinachoponya ubongo huweza kuyadhuru mapafu. Daktari hutembea juu ya ukuta mwembamba. Hupima, hurekebisha kidogo, kisha hupima tena.

Kutoka Jangwani hadi Muhimbili

Kwa bahati nzuri vyombo vya kupimia vimeongezeka. Kile kidude kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu kwa kutumia mwanga kilitokana na kazi ya mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, ya mwaka 1974, na sasa kinapatikana hata katika vituo vidogo vya afya. Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, hutibu majeruhi na kufanya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura, na mwaka huo huo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza hapo. Huko Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikiweka kumbukumbu za majeruhi wa kichwa, nazo zinaonyesha kwamba wengi wao ni wanaume vijana, na kwamba chanzo kikubwa ni ajali za barabarani.

Jangwani haiko mbali na Muhimbili. Lakini umbali wa majeruhi haupimwi kwa kilometa. Hupimwa kwa pumzi. Mtu ambaye ulimi umeziba koo lake anaweza kupata hasara ya kudumu katika muda ambao bajaji inangoja taa za Fire ziruhusu. Wanaomfikia kwanza si madaktari. Ni mchukuzi, mama lishe, kondakta, mwanafunzi anayetoka shule. Kwa hiyo ni wao wanaopaswa kujua mambo machache.

La kwanza ni usalama: watu wasimamishe magari ili pasitokee ajali ya pili, kisha mmoja apige simu ya dharura 112. La pili ni kuchunguza pumzi kwa kukitazama kifua na kusikiliza puani na mdomoni. Kama majeruhi anakoroma au pumzi imekwama, msaidizi apige magoti nyuma ya kichwa chake, ashike pembe za taya chini ya masikio, na kuisukuma taya mbele bila kukunja shingo. Ulimi umeungana na taya. Taya ikienda mbele, ulimi hufuata na njia hufunguka. Damu au matapishi yanayoonekana mdomoni yafutwe.

La tatu ni mlalo. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua, hasa akiwa anatapika, alazwe ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili uchafu utoke nje badala ya kuingia ndani. Kwa kuwa shingo nayo huenda imeumia, kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuzwe kwa pamoja kama gogo moja, na hapo wasaidizi watatu wanne ni bora kuliko mmoja. La nne ni makatazo. Asimwagiwe maji usoni wala asinyweshwe kitu chochote. Maji anayopewa asiyeweza kumeza huishia mapafuni. Asikunjwe katika kiti cha bajaji kidevu kikiwa kimegusa kifua, maana mkao huo huziba njia ya hewa kama mpira wa maji uliopindwa. Asipopumua kabisa wala haonyeshi dalili ya uhai, aliyefunzwa aanze mara moja kumsukuma kifua na kumpulizia pumzi.

Jambo la tano linahusu karatasi. Majeruhi wa ajali hutakiwa kuwa na fomu ya polisi, maarufu kwa jina la PF3. Mtu anayeshindwa kupumua hawezi kungoja fomu. Jamaa mmoja aende Kituo cha Polisi Msimbazi, ilhali wengine wanampeleka majeruhi hospitalini.

Hata hivyo, mzunguko ambao haukuanza hauhitaji kukatwa. Tafiti za nchi mbalimbali, zilizokusanywa na kulinganishwa mwaka 2008, zilionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 69, na vifo kwa takriban asilimia 42. Kofia hiyo ifungwe kidevuni, kwani isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Na abiria wa nyuma anaihitaji sawasawa na dereva, kwa kuwa zege la barabara halibagui. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chumba cha wagonjwa mahututi ni ghali mno.

Ndugu waliokaa nje ya wodi sasa wana jibu la swali lao. Madaktari wanahangaika na kifua kwa sababu ubongo wa kijana wao unaishi kwa kile ambacho kifua hicho kinaweza kuupatia. Kila pumzi inayofika salama ni riziki ya seli ambazo bado zinaweza kupona. Pumzi ya kwanza kati ya hizo haikuwa mikononi mwa daktari yeyote. Ilikuwa mikononi mwa mpita njia aliyepiga magoti juu ya lami ya Jangwani, akaishika taya ya mtu asiyemfahamu na kuisogeza mbele.